Likizo ya Balozi

Adolfu alirudi Pito akitokea Namanyere kwenye semina ya mabalozi wa nyumba kumi, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, akamkuta mkewe Epifania uani anapepeta ulezi peke yake. Akatua mkoba. Akachungulia jikoni, kisha akazunguka nyuma ya ghala.

"Agnesi yuko wapi?"

"Karibu kwanza. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Agnesi yuko wapi? Shule zimefungwa, nimewaona wenzake barabarani."

Epifania akatikisa ungo, makapi yakaruka na upepo. "Amekwenda ziwani," alisema. "Kisiwa cha Ulwile, nyumbani kwao Cornelia, yule wanayesoma naye. Wamekwenda watatu, pamoja na Sekela wa bwana mifugo. Baba yake Sekela ndiye aliyewaombea nafasi kwenye lori la ushirika, lile linalofuata samaki Kipili."

"Wamekwenda kufanya nini?"

"Kupumzika."

Mwezi wa Juni, Pito, neno hilo halikuwa na mahali pa kukaa. Aliyepumzika mwezi huo alikuwa mgonjwa au marehemu. Ulezi ulikuwa umekauka mashambani, wa nyumbani na wa shamba la kijiji, ndege wakiula mchana kutwa, na baridi ya asubuhi haikuwa sababu ya mtu kubaki kitandani.

"Nani kampa ruhusa?"

"Mimi."

Adolfu akaketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa ubavu. Hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ndio uliompa ubalozi. Kabla ya kwenda semina alisimama mbele ya mkutano akamwita jirani yao Fransiska kupe, kwa sababu alikosa siku moja shamba la kijiji akaenda Milepa kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Fransiska alikuwa mjane, akalia mbele za watu. Hakuna aliyelisahau jambo hilo, na Adolfu mwenyewe hakulisahau.

"Umenivua nguo, mama Agnesi."

"Mtoto aliniomba vizuri. Mtihani kafaulu, shamba letu nusu tumelimaliza yeye na mimi. Nikamwambia nenda."

"Na hukufikiri?"

"Nilifikiri sana," Epifania alisema, akachota ulezi mwingine. "Nilifikiri kwamba ungekuwapo ungekataa. Na kwamba hukuwapo."

*

Asubuhi ya Jumatatu watu walikusanyika kwenye shamba la kijiji, wamejifunika mashuka na makoti juu ya nguo za kazi, kila mmoja na kisu chake kidogo cha kukatia masuke. Mwenyekiti wa kijiji, Wilibrodi, aliwagawia mistari. Alipofika kwa Adolfu akasema, "Nyumba ya balozi, watu watatu."

"Wawili," Adolfu akajibu.

"Binti bado hajafunga shule?"

Kabla Adolfu hajajibu, Fransiska alinyoosha mkono. Alikuwa amefunga kilemba chake vizuri siku hiyo kuliko siku zote.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuelimishwa. Anayekwenda ubatizo ni kupe. Hilo nimeshafundishwa. Sasa anayekwenda kisiwani kuogelea, yeye anaitwaje?"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya mkubwa; walicheka kama watu wanaosikia baridi na wamepata kitu cha kuwachangamsha. Lakini Adolfu alihisi masikio yake yanawaka moto. Alitazama vicheko vile mdomo kwa mdomo, akaona havikomi.

"Sikilizeni!" alisema kwa sauti ya mkutanoni. "Jumatatu ijayo Agnesi atakuwa amesimama hapa na kisu mkononi. Nitamfuata mwenyewe. Na asipokuwapo siku hiyo, shule kwake imekwisha. Nimesema mbele yenu wote."

Vicheko vikakatika. Wilibrodi akakuna shingo. "Balozi, neno hilo kubwa."

"Nimeshalisema."

Epifania alikuwa ameinama kwenye mstari wake. Mkono wenye kisu ulisimama hewani, kisha ukaendelea na kazi. Jioni alitangulia njiani bila kumngoja mumewe, na chakula alipokiweka mezani alirudi kula jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka waliofiwa na mtoto wao wa pili.

Asubuhi ya safari, Adolfu akivaa koti lake zito la kijivu, ndipo Epifania aliposimama mlangoni.

"Njiani mwambie lolote unalotaka kumwambia," alisema. "La shule usimwambie. Hilo ni la kwetu sisi wawili, tutalimaliza hapa."

"Nimelisema mbele za watu, Epifania."

"Nilikuwapo. Nilisikia."

*

Lori la ushirika lilimchukua Sumbawanga, likapita Chala na Namanyere, likaanza kuteremka. Adolfu alikuwa amezaliwa juu ya uwanda wa Ufipa, akaoa huko, akatarajia kuzikwa huko, na katika umri wake wote ziwa alikuwa ameliona mara moja tu, kwa mbali, kama ukanda wa rangi. Kadiri lori lilivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Alivua koti, akavua sweta, akavua kofia. Walipofika Kipili shati lilikuwa limemganda mgongoni, na watu wa pale walitazama lile koti begani mwake kwa huruma.

Baba yake Cornelia, Urbano, alikuwa pwani akiteremsha samaki. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana. Aliposikia mgeni ni nani akafurahi kama aliyekuwa akimngoja.

"Baba Agnesi! Karibu sana. Binti yako ametushinda kula. Panda mtumbwini tuvuke kabla upepo haujaamka."

Adolfu alipanda kwa magoti. Alikaa katikati, ameshika kingo zote mbili, na kila mara mtumbwi ulipoyumba alijikaza upande wa pili, hata Urbano akamwomba kwa upole asisaidie. Walipofika nusu ya safari tumbo lilikataa. Alitapika ndani ya maji, na kidogo kwenye koti. Urbano alitazama pembeni, akapiga kasia kama asiyeona, na Adolfu alimshukuru kimoyomoyo ingawa aliona aibu vilevile.

Karibu na kisiwa mtumbwi mwingine mdogo ulitokea nyuma ya miamba, ukija mbio. Ndani yake walikuwa wasichana watatu wanapiga makasia na kupigiana kelele. "Kulia, Sekela! Kulia, mtaalamu wa ng'ombe, unatupeleka Kongo!" Yule wa nyuma, aliyekuwa akiongoza, alivaa kaptula ya michezo ya shule na fulana iliyolowa. Mikono yake ilikuwa imekuwa myeusi kwa jua. Adolfu alimwangalia vizuri kabla hajajua kwamba ni mwanawe.

"Baba!" Agnesi aliacha kasia. Furaha ilimjaa usoni, halafu ikamwondoka mara moja. "Shikamoo baba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Vaa nguo."

Alitaka kulisema kwa ukali, lakini sauti yake ilitoka nyembamba. Na mtumbwi ulipogonga mchanga, akasimama, akayumba. Ilibidi wasichana wawili wamshike kwapani kumteremsha, mmoja akiwa yule mwenye kaptula.

"Tunarudi leo hii," alisema alipopata pumzi.

"Leo haiwezekani, ndugu yangu," Urbano alisema akinyoosha kidole. Kule walikotoka maji yalikuwa yameanza kutoa povu jeupe. "Kusi limeamka. Likiamka hivi, kulala ni mapenzi yake."

*

Kusi halikulala kesho yake wala siku iliyofuata. Nyumba ya Urbano ilikuwa upande wa kisiwa usiopigwa na upepo, kwa hiyo pale maji yalitulia kama ya kwenye beseni, lakini ukipanda mwamba uliokuwa nyuma ya nyumba uliona mawimbi ya njia ya Kipili yanavyofukuzana. Adolfu alipanda kila asubuhi kuyatazama. Kisha aliteremka akaketi juu ya jiwe, amevaa viatu, koti lililofuliwa limekunjwa mapajani, kama mtu anayengoja gari.

Wasichana walijaribu siku ya kwanza kukaa kimya kwa heshima yake. Walikaa barazani, mikono mapajani, wakajibu "ndiyo baba" na "hapana baba". Hali ile ilimchosha kila mtu. Hatimaye mama yake Cornelia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo, alitoka jikoni.

"Ninyi, mnamlinda nani? Nendeni mkacheze, likizo haingoji. Na wewe, baba Agnesi, samahani kwa kukuambia. Hapa kisiwani anayekula huvuta juya. Wanaume wawili hawapo, wamekwama Kipili na upepo huo huo. Njoo ushike kamba."

Adolfu hakuwa amewahi kuamrishwa na mke wa mtu. Lakini kazi ilikuwa lugha anayoielewa. Akavua viatu, akakunja suruali, akashika kamba ya wavu nyuma ya Urbano. Upande wa pili walikuwa mama Cornelia, majirani, na wale wasichana watatu. Walivuta kwa kurudi nyumanyuma, nyayo zikizama mchangani, mama Cornelia akianzisha wimbo na wengine wakimwitikia. Mwanzoni Adolfu alivuta kwa kushtukashtuka kama anayeng'oa kisiki. Urbano akamwambia bila kugeuka, "Vuta na wimbo." Akavuta na wimbo. Mikono ikaelewa. Wavu ulipokaribia, maji yalianza kuchemka kwa samaki, na Adolfu alijisikia anapiga kelele pamoja na wengine, "Njoo! Njoo! Njoo!" mpaka alipomwona Agnesi anamtazama. Akanyamaza. Agnesi akageuza uso haraka, akitabasamu.

Mchana walikula samaki aina ya kuhe, wa kuchemsha, kwa ugali wa muhogo. Wasichana walisahau heshima wakaanza kusimulia. Walikuwa wamepanda kilima cha kisiwa mpaka juu. Walikuwa wamezunguka kisiwa kwa mtumbwi, Sekela akapoteza kasia, wakalifuata kwa mikono. Cornelia alikuwa amewafundisha kuogelea. Agnesi aliweza siku ya tatu, Sekela bado anaogelea kama ng'ombe anayevuka mto.

"Usiwadharau ng'ombe," Sekela alisema. "Baba anasema hawazami."

"Siku ya kwanza mimi nilikunywa maji mpaka nikakataa ugali," Agnesi alisema. Kisha akakumbuka baba yupo. "Lakini hakuna hatari, baba. Upande huu hakuna mamba, na tunakuwa pamoja siku zote."

Adolfu alitafuna pole pole. Alikuwa ameandaa maneno ya kusema tangu Sumbawanga, maneno juu ya wajibu na jasho la wengine, maneno mazuri ya semina. Aliyatafuta sasa akaona hayakai vizuri na samaki mdomoni.

*

Ijumaa mchana wasichana walikuwa wanaogelea mbele ya mwamba mmoja uliokuwa kando ya maji. Adolfu alikwenda kumwita Agnesi. Alikuwa ameamua kuzungumza naye wakiwa peke yao, na aliogopa kwamba akichelewa zaidi hatakuwa na hasira ya kutosha. Alikuwa amevaa viatu na koti, maana upepo ulikuwa umezidi. Alisogea ukingoni, akakanyaga mahali palipoota ukoga, akateleza.

Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Maji yalimfunika, baridi ikamshika kifuani. Akafungua macho, akaona mawe chini kabisa, makubwa, safi, na samaki wadogo wa rangi wakipita juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichomtisha ni uwazi ule, kuona vizuri namna ile umbali wa chini. Alipiga mikono na miguu. Koti lilimvuta. Akaibuka, akameza maji, akazama tena.

"Baba! Usipigane nayo!"

Sauti ilikuwa karibu na sikio lake. Mkono ulimshika nyuma ya shingo.

"Usinishike mimi! Acha! Lala chali. Lala, baba! Tazama juu!"

Nyumbani kwake hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia "acha" kwa sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya mkutanoni, inatoka kinywani mwa binti yake. Alitii. Hakutii kwa kufikiri; hakuwa na kingine cha kufanya. Alirudisha kichwa nyuma, akatazama mbingu, akaacha miguu. Na maji yale yaliyokuwa yakimmeza yakambeba.

"Hivyo hivyo," Agnesi alisema akihema. "Pumua. Usiinue kichwa. Sekela, mvue koti. Mkono mmoja kwanza."

Walimsogeza mpaka mwambani, Cornelia akampokea juu, Adolfu akalala kifudifudi kwenye jiwe la moto akikohoa. Wasichana walimsimamia, wanatetemeka, maji yakiwatiririka. Agnesi alikuwa amepiga magoti, mkono bado uko mgongoni kwa baba yake, na alikuwa analia bila sauti.

Kisha Adolfu akainua kichwa, akatazama miguu yake.

"Kiatu changu," akasema.

Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Cornelia akachungulia majini, akakiona kimesimama wima juu ya jiwe huko chini kama kimewekwa dukani. Akajirusha, akakaa chini mpaka Adolfu akaanza kuogopa, akaibuka na kiatu kichwani. Sekela ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa mkono, akashindwa. Agnesi akacheka na machozi yake. Na Adolfu, aliyelala juu ya jiwe kama samaki aliyevuliwa, alisikia kicheko kinamtoka tumboni, kikamuuma mbavu. Akacheka mpaka akakohoa tena.

*

Jumamosi alfajiri upepo ulikuwa umekufa. Njia ya Kipili ilikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Urbano alimkuta Adolfu ameshaamka, ameketi barazani.

"Umepata bahati, ndugu yangu. Lori la samaki linapanda leo mchana. Nikiwavusha sasa hivi mtaliwahi, Jumatatu mko kijijini. Hili likiwapita, lingine ni Jumanne."

Ndani wasichana walikuwa wamesikia. Agnesi alitoka na kifurushi chake tayari mkononi, amevaa gauni, amefunga kilemba. Alikuwa amelia kidogo, na alikuwa amejiosha uso ili isionekane.

Adolfu alitazama maji. Alifikiria Jumatatu, mistari ya ulezi, Fransiska na kilemba chake. Alifikiria neno alilolisema, ambalo lilikuwa linamngoja kule juu kama mbwa aliyefungwa mlangoni. Halafu alifikiria jana, namna alivyoacha miguu na maji yakambeba. Alikuwa ameota ndoto hiyo usiku kucha.

"Mimi huwa nafanya kazi bila kupumzika," alimwambia Urbano, kama anayeeleza ugonjwa kwa mganga. "Tangu nikiwa mdogo. Sijui hata inavyofanywa."

"Si kazi ngumu."

"Basi twende na lori la Jumanne."

Kifurushi kilimdondoka Agnesi. Ndani ya nyumba Sekela alipiga ukelele, akanyamazishwa na Cornelia, kisha wote wawili wakapiga.

Siku zile zilizofuata Adolfu hakuja kuzisimulia vizuri baadaye, kwa sababu hazikuwa na jambo. Asubuhi alivuta juya. Mchana Agnesi alimsimamisha kwenye maji ya kifuani, akamlaza chali, akaweka kiganja chini ya mgongo wake, kisha akakiondoa bila kumwambia. Alijifunza kupiga kasia upande mmoja bila kuzunguka. Jumapili walisali nyumbani kwa mzee wa kanisa, kisha wakapanda kilima wote, Urbano na mkewe pia, wamebeba muhogo uliochemshwa. Kutoka juu Adolfu aliona ng'ambo ya maji ukuta mrefu wa buluu uliopanda mpaka mawinguni.

"Nini kile?"

"Kwetu," Agnesi alisema. "Ufipa ile. Sisi tunakaa juu yake."

Adolfu alikaa chini kuutazama. Wengine walikuwa mbele, wanatupa mawe na kubishana nani kafika mbali. Agnesi aliketi karibu naye.

"Baba, ulisema nini kule kijijini? Najua ulisema kitu. Hungefunga safari yote hii bure."

"Nilisema maneno."

"Makubwa?"

"Makubwa kuliko mdomo wangu." Akamenya muhogo, akampa kipande. "Mama yako amenikataza kukuambia. Acha nikayamalize mwenyewe."

Agnesi aliinamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Juzi, ulipozama, nilikukemea. Nisamehe."

"Ungesema kwa adabu ningekufa," Adolfu alisema.

*

Waliingia Pito Jumatano, na Alhamisi Wilibrodi aliitisha watu kwenye kona ya shamba kabla ya kazi. Epifania alikuwa amempokea mumewe kwa maji ya kuoga na chakula, na maneno machache. Alimtazama alivyoungua na jua puani. Alimtazama Agnesi, akamkumbatia muda mrefu. Alikuwa hajauliza, na Adolfu alikuwa hajasema.

"Balozi amerudi," Wilibrodi alianza. Alikuwa mtu mwema asiyependa vita, na alikuwa ametayarisha njia. "Tunajua aliahidi Jumatatu. Lakini dereva wa lori ametueleza kwamba kusi lilivuma vibaya mno, mitumbwi haikuvuka. Kazi ya Mungu haina makosa. Kwa hiyo lile neno la shule nadhani..."

"Ndugu Mwenyekiti," Adolfu alisema, "naomba nafasi."

Alisimama. Watu walimwona hana koti, na baridi ilikuwa kali. Alikuwa amelikabidhi kwa Urbano.

"Upepo ulitulia Jumamosi," alisema. "Lori lilikuwapo. Tungeliwahi. Nilibaki kwa sababu nilitaka kubaki."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kufanya nini?"

Adolfu alitafuta neno lingine, hakulipata. "Kupumzika," alisema. "Nilikuwa najifunza kuogelea."

Safari hii hawakucheka mara moja. Walimtazama kwanza kuona kama anatania. Adolfu aliendelea, sauti yake chini kuliko walivyoizoea.

"Kuhusu shule. Nilisema kwa hasira, kwa sababu nilichekwa. Mtoto hakuwa na kosa, aliruhusiwa na mama yake. Mwaka huu wa shule ukiisha ataingia kidato cha nne. Neno langu nalirudisha."

"Balozi anarudisha neno?" mzee mmoja akashangaa.

"Analirudisha. Na jingine." Akageuka. "Fransiska, nilikuita kupe. Ulikwenda kumshika mtoto wa dada yako siku ya ubatizo wake. Naomba radhi, hapa hapa niliposema."

Fransiska alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hicho. Akarekebisha kilemba. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, "Na hayo maji, ni ya baridi?"

"Mwanzo tu," Adolfu alisema.

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka kwa muda mrefu, na maswali yakaanza, mpaka Wilibrodi akapiga makofi kuwakumbusha ulezi. Lakini utaratibu ni utaratibu, na Adolfu mwenyewe aliukumbusha. Kipande cha kando ya mto, kile chenye magugu ambacho hakuna aliyekitaka, kiliwekwa juu ya nyumba ya balozi wakivune peke yao kufidia siku zao.

*

Walikivuna watatu. Jua lilikuwa limepanda na baridi imeondoka, na kutoka kule juu sauti za wengine zilisikika kwa mbali. Agnesi alitangulia kwa mstari mzima, kisu chake kikilia kwenye mabua. Adolfu na Epifania walikuwa bega kwa bega, wanakata, wanatupa masuke kwenye vikapu.

"Umelirudisha," Epifania alisema bila kumtazama. "Lile neno."

"Nimelirudisha."

"Nilikuwa nimeshaongea na kaka yangu anayekaa Msanzi. Agnesi angekaa kwake, angesomea huko. Nilikuwa nimeshaamua."

Adolfu alisimamisha kisu. Alimtazama mke wake, uso wenye vumbi la ulezi, na akaelewa kwamba katika zile siku za likizo yake alikuwa karibu kupoteza zaidi ya heshima ya mkutanoni.

"Ungefanya vizuri," alisema.

Wakaendelea. Walifika katikati ya kipande kabla Epifania hajasema tena.

"Yanakuwaje?"

"Nini?"

"Maji. Ukiwa ndani yake."

Adolfu alifikiri. Alifungua mikono, akaifunga. "Siwezi kueleza. Inabidi uone mwenyewe."

"Nitaona wapi mimi?"

"Ulwile. Mavuno yakiisha, kabla ya mvua. Urbano amesema tukaribie wakati wowote. Safari hii nitaomba ruhusa kwa mwenyekiti kwanza."

Epifania alikata suke, akakata lingine. Kisha akanyoosha mgongo, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua.

"Agnesi!" aliita. "Huko kisiwani, kuna wanawake wa umri wangu wanaoogelea?"

Agnesi aligeuka kule mbele, kikapu kiunoni. "Mama yake Cornelia! Na ni mnene kuliko wewe!"

"Haya," Epifania alisema.

Akainama tena kwenye mstari wake, akaanza kukata kwa haraka kuliko mwanzo, kama mtu mwenye safari, hata Adolfu ikabidi aongeze mwendo ili asiachwe nyuma.